Matubwitubwi ya Mtu Mzima

Jumatatu, 10 Juni 1996

Miezi mitano leo tangu nitoke nyumbani Alego. Nilitoka tu baada ya Mwaka Mpya.

Kazi ni ile ile. Natoka mtaa wa Lindi hapa Nairobi kwa miguu, napita Kawangware, nafika kwenye mjengo. Ghorofa tatu. Fundi anachonga mawe, mimi nabeba. Mgongo umezoea. Mikono haitazoea.

Mvua imenyesha ingawa si wakati wake. Paa la Mama Brian, jirani yetu, linavuja, kwa hiyo jana alimleta mtoto alale kwetu. Chumba ni changu na Mulwa, fundi wa mbao kutoka Kitui. Tulimlaza Brian katikati. Shavu limemvimba kama ameweka andazi mdomoni. Matubwitubwi. Alinikoholea usoni mpaka asubuhi.

Desemba naenda kujenga boma langu. Nikiwa juu ya ngazi na jiwe begani, hilo ndilo ninalowaza. Mimi ni kifungua mimba. Baba alikufa, kwa hiyo baba mkubwa ndiye atakayetutangulia hadi kwenye shamba nililopewa. Mwanangu Odhiambo atashika jogoo, mke wangu Atieno atabeba moto, mimi nitabeba shoka. Nyumba itasimama siku hiyo hiyo. Usiku huo mimi na yeye tutalala ndani, na si kulala tu. Lazima tukutane. Bila hivyo boma halijafunguliwa.

Ndugu yangu Owino ananisubiri. Mdogo hatangulii mkubwa kujenga.


Alhamisi, 27 Juni

Nimeamka na taya limevimba pande zote mbili. Kumeza mate ni kama kumeza msumari.

Mjengoni wamecheka mpaka kazi ikasimama. Mzee mzima na ugonjwa wa nasari! Wafula wa Bungoma anayechanganya simiti alisema kwao dawa ipo. Unabeba mzigo wa kuni kichwani, unauzunguka mti wa murembe, unautupa pale, unaenda zako. Hapa murembe hakuna. Kuna mjakaranda mmoja wa mwenye ploti. Kuni pia hakuna. Wakanibebesha mbao ya kumimina slabu.

"Zunguka, Oloo! Mwambie huyo matubwitubwi ashuke!"

Nilizunguka. Walipiga makofi. Nilitupa mbao chini nikarudi kubeba mawe hadi jioni. Nilicheka pia, ingawa iliuma.


Jumatano, 3 Julai

Kweli ameshuka.

Taya limepungua. Jana mchana nilihisi baridi juani. Leo kende la kushoto limevimba. Kubwa kama yai la bata, jekundu, moto. Siwezi kufunga miguu. Nimerudi kutoka kazini nikitembea kama mtoto aliyejinyea, na wanawake kwenye mfereji walinyamaza nilipopita.

Sijui hiki ni nini. Sijalala na mwanamke yeyote tangu Januari. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayeniamini nikisema.


Ijumaa, 5 Julai

Nimeenda duka la dawa Kawangware. Dada wa pale aliuliza nina shida gani. Kulikuwa na watu nyuma yangu. Nikasema kwa sauti ya chini, chini kabisa. Akajibu kwa sauti ya juu.

"Hizi kapsuli ni za siku saba. Na umwambie huyo mwenzako pia ameze, sawa? Usimfiche."

 Ningesema ni matubwitubwi angenicheka, na hata mimi sikujua yanahusiana. Nikalipa, nikatoka. Mwanamume mmoja kwenye foleni alinitingishia kichwa kwa huruma, kama mtu wa chama kimoja.


Jumatatu, 8 Julai

Sasa ni yote mawili. Siendi kazini. Nimelala chali na taulo limekunjwa chini ya makende. Mulwa ananiletea maji na uji, halafu anatazama ukuta. Ni mtu mzuri. Aliniambia kwao mtu akivimba hivyo ni kwamba amelogwa na mke aliyeachwa nyumbani, ili asitembee nje.

"Mke wangu hana wakati huo," nikamwambia. "Ana palizi."

Alicheka. Mimi nililia kidogo alipotoka.


Jumapili, 21 Julai

Uvimbe umekwisha. Nimerudi kazini tangu Alhamisi. Namshukuru Mungu. Kanisani nimesimama kutoa ushuhuda, nikasema nilikuwa na homa. Wakasema amina.


Jumamosi, 24 Agosti

Kuna jambo. Nimekuwa nikilikwepa kuliandika.

Asubuhi hausimami. Tangu nilipokuwa kijana, kila asubuhi umesimama wenyewe bila kuitwa, hata nikiwa na njaa, hata nikiwa msibani. Sasa wiki baada ya wiki haujasimama. Nilidhani ni uchovu. Nikamfikiria Atieno kwa makusudi, mchana, nikiwa peke yangu chumbani. Nikamfikiria anaoga. Hakuna. Ni kama kufikiria gunia la mahindi.

Nikajishika. Kende la kushoto limekuwa dogo. Kama harage. La kulia ni laini, halina uzito.

Natokwa jasho bila sababu. Nimeketi tu, linatiririka kifuani, halafu baridi.


Jumanne, 17 Septemba

Msimamizi ameniondoa kwenye mawe. Nilisimama katikati ya ngazi, magoti yakakataa. Jiwe likaanguka, halikumpiga mtu. Sasa namwagia kuta maji na kulinda simiti. Kazi ya wazee.

Nimekonda mikono na kunenepa kifua. Chuchu zinauma zikiguswa na shati. Ndevu naweza kukaa siku nne bila kunyoa.

Wafula haniruhusu tena kunywa maji kwenye kikombe chake. Hakusema kitu, amenunua kingine tu. Wanajua mtu anayekonda Nairobi amekonda kwa sababu gani. Mtu wa kwetu anayeuza samaki wa kukaanga karibu na mjengo aliniambia kwa upole, kwa Kijaluo, kwamba hiyo inaweza kuwa chira, na nijichunguze nimevunja mwiko gani. Chira humla mtu polepole mpaka anabaki ngozi.

Sijavunja. Bado. Desemba ndipo nitavunja. Boma jipya lisipofunguliwa na mume na mke, chira haimchagui mwenye kosa peke yake. Huchukua mtoto. Odhiambo ana miaka saba.

Naogopa. Hilo ndilo neno, hakuna lingine.


Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeenda kliniki hatimaye. Mulwa alinisukuma. Daktari ni kijana mwembamba, Mutiso. Alivaa glavu akanipima bila kucheka wala kukunja uso. Akaniuliza, niliwahi kuvimba taya?

Nilishangaa. Nikamweleza yote. Mtoto, taya, mpaka mbao ya kumimina slabu. Hapo alicheka kidogo, akaomba radhi.

Kumbe ni ugonjwa ule ule. Mtoto akiupata utotoni hupita. Mtu mzima akiupata huweza kushuka kwenye korodani, zinavimba ndani mahali ambapo hapana nafasi ya kuvimba, na nyama yake inaharibika. Kwa wengi huwa moja tu. Mimi ni zote. Kapsuli zile hazikuwa na kazi yoyote. Mbao pia.

Amechukua damu, itapelekwa maabara mjini. Amenipima na ule ugonjwa mwingine pia, kwa sababu nilikubali.


Alhamisi, 17 Oktoba

Ule mwingine sina. Niliambiwa hilo kwanza. Mtu aliyeketi mlangoni alikuwa analia juu ya karatasi yake mwenyewe, na mimi nilishindwa hata kufurahi.

Homoni ya kiume iko chini sana. Daktari alisema ni kama ya mzee wa miaka tisini. Ndiyo inayoleta nguvu, ndevu, hamu, hata roho ya kuamka asubuhi. Haitarudi yenyewe. Kuna sindano, mtu hudungwa kila baada ya wiki chache, maisha yake yote. Kliniki haina. Atanitafutia ya kwanza, na za baadaye nijitegemee.

Nikamuuliza swali moja tu. Ikifika Desemba nitaweza?

"Mzee, nisikudanganye," akasema. "Wengine hurudi haraka. Wengine polepole. Wengine kidogo tu. Na watoto wengine, hilo lisahau."

Ana umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilitaka anidanganye.


Jumapili, 20 Oktoba

Owino amekuja. Sikumtarajia. Alishuka kwenye basi la usiku, akauliza njia Lindi mpaka akanipata nikifua nguo. Aliniangalia, akaniangalia tena.

"Omera, ndugu yangu, unakula nini huku?"

Tulikaa juu ya kitanda. Mulwa akatupisha. Owino alieleza, akianza kwa upole. Nguzo zimekatwa. Mabati yapo kwa baba mkubwa. Siku imechaguliwa, Jumamosi ya pili ya Desemba. Kwa nini nimetuma salamu na yule wa samaki kwamba labda tusogeze hadi Agosti?

Nikasema kazi. Akasema kazi gani, ya kumwagia kuta maji? Kumbe alikuwa amepitia mjengoni akidhani tunafanya kazi Jumapili, mlinzi akamwambia yote.

Ndipo akawaka. Ana watoto wanne kwenye simba, ile nyumba ya chumba kimoja ambayo kijana hujenga ndani ya boma la baba yake. Binti yake mkubwa ameanza kukua, analala pazia moja tu kutoka kitanda cha wazazi. Shamba lake lipo, mawe ameyakusanya, lakini hawezi kuhama kabla yangu.

"Umenikalia mlangoni, ndugu yangu. Ingia au utoke. Mimi nitapita wapi?"

 Nilikuwa na jibu, lakini siwezi kumwambia mdogo wangu. Mtu anaweza kumwambia mdogo wake kwamba hana pesa, kwamba amefungwa, kwamba amekuwa mlevi. Si hili.

Nikamwambia nitakuja Desemba. Aliondoka na basi la jioni bila kula.


Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemwagia kuta maji. Siku nzima.


Jumamosi, 9 Novemba

Atieno yuko hapa. Amekuja na mfuko wa mtama, kuku mmoja na uso ambao sijauona tangu tuoane. Owino alimwambia kaka yake ana mwanamke mjini na mwanamke huyo anamla.

Mulwa amebeba blanketi lake akaenda kulala kwa binamu yake Kawangware. Akiwa mlangoni alimwambia Atieno, "Shemeji, karibu sana, mtunze, ni mgonjwa." Alidhani anasaidia.

Atieno aliangalia chini ya kitanda. Alinusa mashati yangu moja baada ya jingine. Alimuuliza Mama Brian jina la huyo mwanamke. Mama Brian akaapa hajamwona, akaanza na yeye kunitetea kwa sauti mpaka ploti nzima ikajua.

Mimi niliketi. Ningependa ampate. Kweli kabisa. Ningependa kungekuwa na mwanamke chini ya hicho kitanda.


Jumapili, 10 Novemba

Nimemwambia. Asubuhi, kabla ya kanisa, baada ya yeye kujionea mwenyewe.

Nilimwambia kila kitu kama nilivyomwambia daktari. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo hakuna mwanamke."

"Hakuna."

"Ni matubwitubwi."

"Ni matubwitubwi."

Akacheka. Alicheka mpaka akaweka sinia chini. Kisha akafunika uso na kanga na kicheko kikageuka, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Ana miaka ishirini na tisa. Nilihesabu hilo kichwani wakati analia. Alitaka binti. Tulikuwa tumeshampa jina.

Hatukuenda kanisani.


Jumanne, 12 Novemba

Amerudi nyumbani leo. Jana tulibishana kutwa.

Atieno ana mpango wake. Tutaingia kwenye nyumba mpya, tutafunga mlango, asubuhi tutatoka. Atawasha moto jikoni kama mke aliyefungua boma.

"Nani ataingia kuangalia? Baba yako mkubwa? Anione nini?"

Nikamwambia chira haihitaji kuchungulia. Akasema yeye aliona watu waliofuata kila mwiko na bado wakazika watoto. Nikasema sawa, lakini je, Odhiambo akipata homa Januari? Akipata homa tu, ya kawaida, ya mbu, wewe utalala? Mimi nitalala?

 Alivaa viatu, akavua, akavaa tena.

Akasema basi aende akamweleze mke mkubwa wa baba mkubwa. Ni bibi mzee, anajua yaliyokuwepo. Wazee sana nao hujenga, na miili yao pia imelala. Lazima kuna kitu hufanywa. Nikasema mimi si mzee sana, nina miaka thelathini na sita. Nikamkataza. Akimweleza bibi, baba mkubwa atajua. Akijua baba mkubwa, ukoo umejua. Nitakuwa hadithi.

Kwenye stendi hakuniahidi kitu. Alinirekebisha kola. Basi likaondoka.


Jumatatu, 25 Novemba

Daktari amepata sindano moja kutoka kwa rafiki yake mwenye duka la dawa mjini. Amenidunga tako la kulia. Dawa nzito kama mafuta ya kupikia, inaingia polepole, inauma mguu mzima.

Nimemshukuru. Nimetembea hadi Lindi nikijisikiliza, kama mtu aliyepanda mbegu asubuhi na kurudi jioni kuangalia.


Jumatano, 4 Desemba

Nimekuwa na njaa zaidi. Jana nilimaliza ugali wa Mulwa pia. Jasho limepungua. Wafula alisema leo nina sauti.

Asubuhi, hakuna. Nimengoja. Jana hakuna, juzi hakuna. Nikilala natega sikio mwilini mwangu mwenyewe. Ni aibu kubwa kuliko uvimbe ule. Uvimbe uliuma, na mtu anayeumwa ana la kufanya, analia. Hapa hakuna la kulilia. Ni kimya tu huko chini, na Jumamosi ya pili ya Desemba inakuja yenyewe bila mimi kuisukuma.

Nimefikiria kutokwenda. Kupotea. Nairobi inaficha watu. Ningehamia Kawangware, ningebadilisha jina, Owino angeambiwa nimekufa na angejenga. Nimelifikiria hili siku mbili nzima kama mpango wa kazi. Ninachoshindwa ni kwamba wakisema nimekufa Atieno atarithiwa, na atakayemrithi ni Owino.


Jumatano, 11 Desemba

Mtu wa samaki amerudi kutoka nyumbani asubuhi hii. Ana ujumbe.

Atieno alisema. Hakunisikiliza. Alimweleza bibi, bibi akamweleza baba mkubwa, na baba mkubwa akamwita Owino nyuma ya boma la ng'ombe akamweleza mbele ya Atieno. Mtu wa samaki hakuambiwa ni nini. Aliambiwa tu maneno ya kuleta, akayaleta kama yalivyo, akiwa anapanga samaki kwenye karai.

Kutoka kwa baba mkubwa: Mwambie aje hivyo hivyo alivyo.

Basi. Hakusema kuna njia. Hakusema hakuna. Nimemuuliza mtu wa samaki mara tatu kama kulikuwa na neno jingine. Hakuna.

Kutoka kwa Owino: Mwambie nimeshachimba mashimo ya nguzo zake.

Nimekaa kwenye ngazi ya mjengo. Wafula aliniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akanisogezea chai kwenye kikombe chake.

Nimemuaga msimamizi. Alisema Januari atanitafutia kazi, labda ya maji tena. Daktari ameniambia nipitie kesho anipe barua ya hospitali ya huko kwetu, wakiwa na ile dawa. Mulwa amenitengenezea kiti kidogo cha miguu mitatu cha kuingia nacho nyumba mpya. Hakijakauka vanishi, kinanuka chumba kizima.

Mwili bado kimya. Naandika ili nisijidanganye.

Sijui baba mkubwa ana nini moyoni. Sijui nitaingia mlango ule nikiwa nani. Nimeacha kujiuliza tangu saa nane, si kwa ushujaa, nimechoka tu.

Basi linatoka Ijumaa jioni. Natarajia kufika Jumamosi tarehe kumi na nne asubuhi, kabla hawajaanza kusimamisha nguzo.